Baba mdogo alipoomba nyoka aongezwe

Mwaka 2017 nilikuwa likizo Kigoma, kwa baba mdogo, Kibirizi. Mbalamwezi ilikuwa kali, na mwezi ukiwa hivyo taa za mitumbwi hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi walikuwa majumbani. Nilikaa kibarazani na laptopu, nimepanga kipande kimoja cha DNA, yaani maelekezo ya urithi yanayoandikwa kwa herufi, cha binadamu, panya, kuku na silikanti (samaki wa kale), mstari chini ya mstari. Kila safu ambayo wote wana herufi ileile, programu huweka kinyota chini yake. Skrini ilijaa vinyota.

Baba mdogo akavuta kigoda. Nikamweleza kwamba kipande hicho, ZRS, hakitengenezi protini yoyote kama jeni nyingi zinavyofanya. Kimo ndani ya jeni nyingine, herufi kama milioni moja kutoka kwenye jeni iitwayo Sonic hedgehog, ambayo ndiyo kinaiamuru ifanye kazi pale mikono na miguu ya kijusi inapochomoza.

"Sasa kama hakitengenezi kitu, mlijuaje kina kazi?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Nikamwambia: herufi za DNA hukosewa kila kizazi. Pasipo na kazi, kosa hupita na kurithiwa. Penye kazi, aliyelipata huzaliwa na kasoro, na uzao wake hupungua. Sisi na silikanti tulitengana miaka kama milioni 400 iliyopita. Kipande kilichobaki kinafanana muda wote huo kinalindwa na kitu, hata kama hatujakijua.

Akawaza kidogo. "Mtie nyoka, mwanangu. Yeye hana miguu."

Nilikuwa na chatu na swila kwenye faili. Nikawaongeza, nikapanga upya. Vinyota vikakatikakatika, kwa chatu kulikuwa na pengo la herufi 17 katikati ya sehemu ambayo wote wasio nyoka wanayo. Baba mdogo aligusa pengo lile kwa kidole. Nikamsimulia jaribio lililochapishwa 2016: panya waliowekewa ZRS ya nyoka badala ya yao walizaliwa na vigutu vya miguu. Waliowekewa ya silikanti walikuwa na miguu kamili.

"Ya samaki? Miguu kamili?"

"Ndiyo, baba. Mapezi yake na mikono yetu asili yake ni moja."

Akageukia ua wa jirani, akaita kwa sauti: "Mama Shabani! Njoo uone mambo huku!"