Aliyejaribu hapikwi

Mtaani kwetu hapa Ipagala, Dodoma, amehamia dada mmoja Mfini, kaja kujitolea, kapanga vyumba viwili nyuma ya duka la mangi, na siku ya kwanza tu akatuambia hataki kuongeleshwa Kiingereza, anataka Kiswahili, na Kigogo kama kipo naye apewe. Haya. Jumamosi moja nikamsindikiza soko la Majengo, tukafika kwa mama anauza karanga na mlenda mkavu, yuko peke yake kwenye meza yake, dada akainama kidogo akatoa salamu: "Mbukwenyi!"

Kwa wasiojua, mbukwenyi unasalimia watu wengi, mtu mmoja ni mbukwa. Yule mama akageuka nyuma kuangalia ni akina nani wengine wamekuja, halafu akacheka mpaka akashika meza, na wale wa meza za jirani wakaitikia wote kwa pamoja kwahiyo mwishowe salamu ikakaa sawa yenyewe.

Mimi ndo niliona aibu. Mwenyewe wala, akasema tu kwa lugha yake: yrittänyttä ei laiteta. Nikamwambia hebu niandikie hiyo. Kuitamka ni kazi jamani, maana ile y ya mwanzo sio ya yai wala ya yeye, ni irabu, unakunja midomo kama unapiga mluzi halafu humo humo unasema i. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mtoto akaniuliza baba unaumwa jino?

Usiku nikaingia kwenye kamusi ya mtandaoni neno moja moja. Yrittänyttä, aliyejaribu. Ei, hapana. Laiteta linatoka kwenye laittaa, na hilo maana yake kuweka, kutengeneza, kuandaa chakula. Kwahiyo nikapata methali yangu safi kabisa, aliyejaribu hapikwi. Nikalala nayo hivyo.

Kesho yake dada kacheka sana. Akanieleza laittaa zamani ilikuwa pia na maana ya kulaumu, kumtoa mtu kasoro, matumizi ya kila siku yameshaiacha ila kwenye methali imebaki. Aliyejaribu halaumiwi. Na wala sikumshangaa, sisi wenyewe huku Dodoma bahari hatuna lakini shuleni tumekaririshwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wangapi wetu tumewahi kuona hiyo ngama?

Kilichonigusa ni kwamba methali zetu nyingi za kujaribu zinamsemesha yule anayejaribu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, nimesikia, nainama. Hii ya Wafini inaongea na wale waliokaa pembeni, inawaambia nyamazeni.

Na mimi nina sababu. Mwaka juzi nilipanda zabibu nusu eka kule Mpunguzi, nikakopa, nikachimba mitaro, nikaweka samadi, mizabibu ikashika vizuri, halafu masika ubwiri unga ukaingia, yaani unaamka asubuhi unakuta vichala vimepakwa kama unga wa ngano, na mimi salfa nilichelewa kupiga kwa sababu hela nilikuwa nimeshaimalizia kwenye nguzo na waya. Mavuno yale sisemi. Kila niliyekutana naye alikuwa na lile lile, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mpaka shemeji yangu ambaye hajawahi kupanda hata mchicha kwenye kopo.

Ila sitaki kuitetea sana hii methali, maana Kongwa ipo hapo. Waingereza walikuja 1947 na matrekta na mahela wakitaka kulima karanga, ardhi yenyewe mvua ikikata inakuwa ngumu kama sakafu, mvua zenyewe za kubahatisha, kufika 1951 mradi ukafungwa. Walijaribu, ndiyo. Lakini Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia mvua ya huku ikoje. Hao mimi nawalaumu, tena bila kuona haya. Nilivyomwambia dada akasema na kwao ipo nyingine, ei kysyvä tieltä eksy, anayeuliza hapotei njia. Kumbe zinatembea pamoja.

Nikajipima nazo: je mimi niliuliza? Kuhusu miche niliuliza, kuhusu maji niliuliza, kuhusu salfa nilimuuliza muuza duka. Kwahiyo lawama nusu. Shemeji anaweza kuchukua hiyo nusu.

Halafu kuna kitu nimekipenda zaidi ya methali yenyewe. Kwa Kifini yritys ni jaribio, na yritys hiyo hiyo ni kampuni. Mfanyabiashara wanamwita yrittäjä, ni kama sisi tungesema mjaribuji. Yaani mtu anaenda kusajili kampuni na jina lake lenyewe limeshakiri kwamba tunajaribu tu hapa. Nimewaza lile shamba langu lingeitwa hivyo tangu mwanzo labda watu wangenihurumia kidogo.

Juzi tumerudi Majengo. Njia nzima dada anajikumbusha, mbukwa, mbukwa, mbukwa. Tumefika, akina mama sita wamekaa pamoja wanachambua karanga. Akavuta pumzi, "Mbukwa!"

Wakaangaliana, wakaulizana kasalimiwa nani.