Machi tunakuwa nani?

Kazi yangu ni kuandika mabango. Ukipita Kihesa ukaona kichwa cha kijana kwenye ukuta wa saluni, amenyolewa panki, sikio moja kubwa kuliko jingine, huenda ni mkono wangu. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari aliponifuata kibandani nilijua anataka kuandikiwa geti la shule kwa bei ya kirafiki. Kumbe anataka nikawe jaji wa michoro ya wanafunzi.

Kuna dada aliyesoma Marekani akarudi Iringa, ndiye aliyewaletea wazo hilo: shindano la insha na michoro kuhusu historia ya watu weusi, kama wafanyavyo huko kila Februari. Alitusimulia habari za Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, ambaye mwaka 1926 alianzisha wiki ya kukumbuka historia hiyo. Aliiweka Februari ili ikutane na siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Mwaka 1976 wiki ikawa mwezi mzima.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Dada, sisi hapa historia yetu yote si ya watu weusi? Februari tunasherehekea, Machi tunakuwa nani?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilohilo nilikuwa nalo tangu getini. Dada akamwambia, "Basi lichore hilo."

Michoro ilipoletwa, kumi na minne ilikuwa ya Martin Luther King, yote imetoka kwenye fotokopi moja. Nilitambua haraka kwa sababu mistari ya miraba ya penseli haikufutwa vizuri. Jaji mwenzangu, mwalimu mstaafu, alitaka wote wakatwe maksi kwa kunakili. Nikanyamaza. Mimi kila sura ninayopaka ukutani nimeipigia miraba kwanza. Nimkate mtoto maksi kwa kitu kinacholipa kodi ya nyumba yangu?

Kilichoniudhi ni rangi. Karibu wote walimpaka King nyeusi ileile ya kopo, tii, kama tairi. Nikawaita mezani, nikaweka manila nyeusi, nikawaambia walaze mikono yao juu yake. Hakuna mkono uliofanana na manila. Nikachanganya mbele yao: nyekundu, njano, kisha bluu kidogo sana, ncha ya brashi tu. Ukiizidisha inakuwa tope. Ilipotokea ile hudhurungi yenye joto ndani yake, binti mmoja akasema, "Huyu sasa ni mama." (Wenye saluni wao wananiambia, "Fundi, mng'arishe kidogo." Kopo la nyeupe ndilo linaloniishia upesi kuliko yote. Hayo nitayaandika siku nyingine.)

Mchoro nilioupenda haukuwa na rangi. Ulikuwa wa mkaa: rafu ndefu iliyojaa mafuvu, na katikati yake nafasi tupu. Kila mtoto wa hapa Iringa amewahi kupelekwa makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo, na masimulizi yake tunayajua. Mwaka 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe hai, Wajerumani wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe. Ikapita miaka mingi hadi Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, akafika kwenye makumbusho ya Bremen, mafuvu yakapimwapimwa, moja likachaguliwa na kuletwa nyumbani mwaka 1954.

Nikamwuliza binti, "Mtwa ni yupi hapa?"

"Hayupo, fundi. Ameshaondoka. Hawa ni waliobaki."

Nimeingia Kalenga mara nyingi, na siku zote nimemtazama aliyerudi. Mwalimu mstaafu akasema mchoro uko nje ya mada, kwamba mada ni weusi wa Marekani. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, lakini hao wa kwenye rafu walikuwa rangi gani?" Akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kura zikapigwa, nikashindwa, binti akawa wa pili. Alipata madaftari sita na mkebe. Bado naona tulimdhulumu.

Insha hazikunihusu, nilikaa tu kusikiliza huku nikingoja soda. Nyingi zilikuwa ndefu. Ndipo akasimama kijana wa kidato cha pili, sauti ndogo, akasoma juu ya Frederick Douglass, yule wa Februari. Alizaliwa mtumwa. Mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, mume akamkataza. Kuandika alijifunzia penye kiwanda cha meli huko Baltimore, akitazama mafundi wakiweka alama kwenye mbao: S kwa ubao wa upande mmoja wa meli, L kwa upande wa pili. Akazinakili. Kisha akawa anawachokoza watoto wa mtaani kwamba anaandika kuwashinda, nao wakimwonyesha herufi zao, anazibeba. Karatasi yake ilikuwa ukuta na uzio, kalamu yake kipande cha chaki.

Soda ilifika nikaisahau mkononi. Mimi niliishia darasa la saba. Mwandiko wa mabango niliutoa nyuma ya malori yaliyolala Ipogolo yakienda Zambia, nikaurudia kwa mkaa kwenye ukuta wa bibi, na bibi akanirudi kwa fimbo. Sikuwahi kusikia mtu mkubwa aliyeanzia kwenye mbao.

Halafu aanze na S! Muulize mwandika mabango yeyote. L hata mlevi anaichora. S ndiyo inayomuumbua fundi, tumbo la juu likizidi la chini kidogo tu, herufi inaanguka kifudifudi.

Jumatatu nilikuwa na kazi ya mama mmoja wa Mlandege, bango la SUPU YA MAKONGORO. Nikachukua chaki badala ya penseli. Saa nne akaja na chupa ya chai, akakuta ubao una herufi moja.

"Fundi, tangu asubuhi ni hiyo S tu?"

"Subiri, mama. Hii nairudia."