Halipo, au Halijatafutwa Lilipo?

Leo ni Ijumaa, na swali aliloniuliza kijana wetu wa mafunzo siku ya Jumanne bado limenikwama kooni. Ni yule yule niliyemwandika mwezi uliopita, mpole kupita kiasi, anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

Asubuhi hiyo programu tunayopimia uimara wa mihimili iligoma kufunguka kwenye kompyuta iliyotoka kuwekewa toleo jipya la mfumo wa Linux. Ilitoa mstari mmoja tu, kwamba imeshindwa kufungua libpng12.so.0, maktaba ya picha za PNG (maktaba ni faili la msimbo ambalo programu huliazima), kwa kuwa hakuna faili wala folda yenye jina hilo. Nilipoona kwamba mfumo mpya una libpng16, toleo jipya la maktaba hiyo, nilitengeneza kiungo chenye jina la zamani kikielekea kwenye faili jipya, yaani nilimvika mgeni kanzu ya marehemu nikitumaini kwamba wenye nyumba hawatamtambua. Walimtambua mara moja: programu ikalalamika kuwa ndani ya faili hilo haioni PNG12_0, alama ya toleo la zamani. Nilikuwa nimeinama juu ya kibodi, nikitafuta hila nyingine, kijana aliposema:

"Samahani, Injinia. Hilo faili halipo, au halijatafutwa lilipo?"

"Mashine imesema halipo."

"Sawa, Injinia. Nimeuliza tu."

Nimeuliza tu! Tangu siku hiyo nimeyageuza maneno hayo kila upande. Je, alikuwa ananistahi, au alikuwa ananicheka kwa adabu? Mkuu wa idara amestaafu wiki hii, lakini katika hotuba zote za kuagana nilichokisikia mimi ni sauti ile ya chini, na jibu langu la mkato ambalo hata mtoto angelitilia shaka.

Jumatano usiku, wenzangu walipokwisha kuondoka, nilikifuta kile kiungo cha uongo nikaanza upya. Amri ya ldd ilinionyesha maktaba zote ambazo programu inazihitaji, na mbele ya libpng12 ikaandika kwamba haikupatikana. Kisha nikaitafuta kwa amri ya find katika diski nzima, na ikajitokeza ndani ya folda ya programu yenyewe, ilikowekwa na watengenezaji tangu siku ya kwanza. Kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayoziletea programu maktaba zake, hakizunguki diski nzima kama mtu aliyepoteza funguo. Kinaangalia njia zilizoandikwa ndani ya programu, zile zilizotajwa katika LD_LIBRARY_PATH (mpangilio ambao mtumiaji huutajia folda za ziada), orodha inayotunzwa na amri ya ldconfig, kisha folda za /lib na /usr/lib, basi. Watengenezaji walikuwa wameandaa hati ya kuanzishia, yaani faili dogo la amri, inayoitaja folda hiyo kabla ya kuifungua programu, lakini mimi nilizoea kuiita programu moja kwa moja, na mazoea hayo hayakuwahi kuniumbua kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa na libpng12 yake.

Kwa furaha nikaiandika njia hiyo katika LD_LIBRARY_PATH ndani ya .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa kila ninapofungua dirisha la amri, na kwa furaha hiyo hiyo nikajiharibia Alhamisi, kwani folda ile ina pia libstdc++ ya zamani, maktaba ya lugha ya C++, na programu yetu ya kuchorea grafu, ilipoikuta hiyo kwanza, ikadai toleo la GLIBCXX (alama ya matoleo ya maktaba hiyo) ambalo halimo. Nikaufuta mstari ule. Sasa naanzisha kila kitu kwa hati ya watengenezaji, ambayo mabadiliko yake hayavuki mipaka ya programu yao.

Leo mchana nilimwita kijana nikamweleza yote, na .bashrc nayo sikuificha, ingawa nilifikiria kuiruka. Nilitarajia walau tabasamu la ushindi. Alikuwa na daftari mkononi, ameandika ldd kwa herufi kubwa na kuipigia mistari miwili.

"Hata mimi sikujua, Injinia," akasema. "Ndiyo maana niliuliza."

Siku nne nzima nimepigana na mtu ambaye hakuwepo ulingoni. Nilicheka peke yangu hadi kwenye ngazi, na pale kwenye ngazi jino la kushoto likanichoma tena, lile lile ambalo daktari alisema likirudia kuuma litang'olewa.