Loathe na loath: herufi moja tu
Anayejua Kifaransa, kama wengi hapa Lubumbashi, tayari anamjua ndugu wa neno la Kiingereza loathe: ni laid, mwenye sura mbaya. Yote mawili yana shina moja la kale la Kijermaniki, yaani la ukoo wa lugha kama Kiingereza na Kijerumani.

Loathe ni kitenzi, kuchukia mpaka kichefuchefu, na hufuatwa na jina au -ing: I loathe waiting. Loath, bila e, ni kivumishi cha kusitasita tu, nacho hutaka to: I am loath to go, sina hamu ya kwenda. Hata Waingereza huyachanganya.

Kazi iko kwenye matamshi. Loathe huishia na dh ya dhahabu, loath na th ya thamani. Ukizoea kusema zahabu na samani, yote yataharibika: weka ncha ya ulimi kwenye meno ya juu, na kwa loathe koo litetemeke.