Linux na lawama ya kuiga

Mteja mmoja hapa Kampala aliitazama Linux Mint, toleo mojawapo la mfumo endeshi wa Linux, akaona menyu kwenye kona ya chini kushoto na upau wa kazi kando yake, akasema hiyo ni Windows ya kuigiza. Kufanana huko kupo, tena kunamfaa aliyezoea Windows. Hata hivyo, GNOME 3, mojawapo ya sura za skrini zinazotumika kwenye Linux, iliuondoa upau wa chini mwaka 2011, na watumiaji wa KDE, sura nyingine ya aina hiyo, walikuwa wakihama kati ya skrini kadhaa za kazi ndani ya kioo kimoja miaka mingi kabla Microsoft haijaweka uwezo huo kwenye Windows 10 mwaka 2015. Isitoshe, kipanya na skrini ya michoro vilikuwapo kwenye Alto, kompyuta ya kampuni ya Xerox, tangu 1973, kabla Microsoft na Apple hazijaanzishwa, kwa hiyo sioni haki kuwabebesha lawama wasanidi wa Linux peke yao.