Seremala aliyechelewa: kumuuguza yaya wangu, Bukavu

Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa huku mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa darasa la pili hapa Kadutu, Bukavu, na ugonjwa ulimwanzia kwenye chaki. Mwishoni mwa 2018 ilianza kumponyoka mkono wa kuume. Aliiokota, ikaponyoka tena, watoto wakacheka, naye akacheka nao. Maumivu hayakuwepo. Mimi nilimwambia ni baridi.

Miezi minne baadaye, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imekauka, pamebaki shimo. Usiku misuli ya bega ilimchezacheza chini ya ngozi kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ndani ya wavu. Mimi ni seremala. Kitu kikilegea nakikaza. Sikujua kwamba miaka iliyofuata ningekuwa nafika kila mahali nimechelewa.

Kwanza tulipoteza miezi kwa habari ya sumu. Bukavu, mtu akikonda bila sababu, jina la aliyemlisha karuho, ndiyo hiyo sumu, hupatikana kabla ya jina la ugonjwa. Kwa yaya lilitajwa la mwalimu mwenzake waliyekuwa wakigawana chai. Wazee wakataka apelekwe kwa mtapishaji. Aliyempeleka ni mimi, nisije nikajifanya mwerevu hapa. Alinyweshwa kibuyu kizima cha dawa, na kwa kuwa koo lilikuwa limeshaanza kulegea bila sisi kujua, nyingine ikapita njia ya hewa. Alikohoa siku mbili. Kwa yule mwalimu nilikwenda kuomba radhi baada ya mwaka mzima. Alinipokea, lakini chai hakunipa.

Wengine walisema konzo, ugonjwa wa kupooza miguu. Hiyo angalau ilikuwa hoja: konzo imeshawapata watu huku kwetu, Burhinyi, kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Daktari alitueleza tofauti. Konzo humpiga mtu ghafla, miguu yote miwili, kisha husimama pale pale. Wa yaya ulianza mkono mmoja, ukahamia wa pili, ukashuka mguuni, na haukuonyesha dalili ya kusimama. Akatuandikia karatasi ya kwenda Kigali.

Tulivuka mto Ruzizi asubuhi kuingia Rwanda, basi likapita msitu wa Nyungwe, jioni tukawa Kigali. Walimchoma sindano nyembamba zilizounganishwa na mashine inayosoma umeme wa misuli, wakapima damu, wakapiga picha za shingo. Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo. Wanaondoa magonjwa mengine moja moja mpaka libaki hili. Jina lilikuja kwa Kifaransa: maladi ya Charcot, yule daktari wa Paris wa karne ya 19. Kwa Kiingereza huitwa ALS. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakufa, na msuli usiopata amri unanyauka. Yaya mwenyewe akauliza muda. Wengi, akajibiwa, miaka miwili hadi mitano tangu dalili za kwanza. Macho yatabaki, masikio yatabaki, hata akili kwa wengi hubaki.

"Kwa hiyo nitahudhuria yote," yaya akasema.

Kuna kidonge, riluzoli, kipo tangu miaka ya 1990, kinachoongeza miezi michache. Tulikinunua Kigali mpaka mwezi wa tatu 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona. Vikaisha. Nikisema kweli, kilichotutesa zaidi zilikuwa ngazi.

Nyumba yetu iko chini ya barabara, ngazi za udongo 61, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Yaya alianguka mara mbili ndipo nikatengeneza kiti cha kuegemea chenye mikono mirefu. Alikikalia, akakipapasa kwa kiwiko, akasema, "Mdogo, kiti kizuri. Ungekileta kabla ya meno yangu kuvunjika." Nilipotengeneza kipoyi cha miti ya mikaratusi na turubai, ili vijana wanne wampandishe barabarani, miguu ilikuwa imeshakufa. Chakula hivyo hivyo. Tulidhani maji ndiyo mepesi kumeza, kumbe maji ndiyo yanayomkaba. Tukajifunza uji mzito wa masoso (mahindi, soya na mtama), parachichi la kupondwa, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa mpaka ikalainika kabisa, na kidevu kiinamishwe wakati wa kumeza. Bugali tukauacha. Daktari alikuwa amezungumzia mrija wa kulishia tumboni. Tulipoukubali, akasema pumzi imeshapungua mno kwa upasuaji huo. Ulipaswa kuwekwa mapema, wakati bado anakula mwenyewe. Nani anakubali kutobolewa tumbo wakati bado anakula mwenyewe?

Na kicheko. Ugonjwa huu humfanya mtu acheke au alie bila moyo wake kutaka. Yaya aliangua kicheko kwenye matanga ya jirani, mbele ya jeneza, machozi ya aibu yakimtoka. Tangu siku hiyo wageni wakapungua.

Sauti ilikwenda mwisho wa 2020. Wiki tatu alikaa bila neno, sisi tukimkisia: maji? joto? mbu? Ndipo nikachukua kipande cha mbao, nikakipiga randa, nikaandika herufi kwa mistari mitano. Wa kwanza A B C D, wa pili E F G H, wa tatu I J K L M N, wa nne O P R S T, wa tano U V W Y Z. Unashuka na kidole mstari kwa mstari. Akiinua macho juu, ndio huo, unaufuata herufi kwa herufi. Akiyafumba, hapana. Kiswahili kilitubeba: karibu kila neno linaishia na vokali, na vokali ziko mwanzoni mwa mistari, hazichoshi. Q na X niliziacha kwa kuwa hazina kazi kwetu. Wiki ya pili akanidai Q. Bila Q mwalimu hawezi kusahihisha Kifaransa cha watu.

Neno lake la kwanza lilikuwa U-M-E-C-H-E-L-E-W-A. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

La pili lilikuwa M-T-O. Shemeji akakimbilia mto wa kichwa. Macho yakafumba. Wa miguu? Yakafumba tena. Ilituchukua nusu saa kufahamu kwamba ni Ruzizi. Jumamosi vijana wakampandisha kwa kipoyi, tukakodi teksi mpaka Nguba, tukamshikilia kichwa mahali maji yanapotoka ziwani na kuanza kukimbia. Hakuandika lolote. Ubao nilikuwa nao mapajani muda wote.

Mwezi wa tano 2021 akaanza kuamka na maumivu ya kichwa na kusinzia mchana. Niliomba chupa ya oksijeni. Daktari akaniuliza kama nimewahi kumwona mhunzi: hewa ipo, aliyechoka ni mvukuto. Hewa chafu inabaki mwilini na kumlevya, na oksijeni peke yake yaweza kuficha hali au kuizidisha. Mashine ya kumsukumia pumzi usiku inataka umeme, na kwetu umeme unakatika unavyotaka. Tukapewa mofini ya kunywa, matone machache, ya kuondoa ile hofu ya kukosa pumzi. Nami nikatengeneza kitanda kinachoinuka upande wa kichwa, maana kulala chali hakuwezi tena. Hicho kilifika siku sita kabla hajakihitaji kweli. Nilimwambia. Akainua macho.

Nilikuwa nampima urefu kwa ajili ya ubao wa miguu wa kitanda hicho, mita mkononi, nikaona ananitazama vibaya. Nikaleta herufi.

S-A-N-D-U-K-U?

Nikamwapia sivyo. Akaendelea: U-S-I-T-E-N-G-E-N-E-Z-E W-E-W-E. Nikauliza kwa nini, mimi fundi, tena ndugu yake. Alichukua muda mrefu, alikuwa amechoka, na nilikuwa nimeshaanza kulia kabla hajamaliza neno.

U-T-A-C-H-E-L-E-W-A.

Alikufa usingizini mwezi wa saba, alfajiri, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Sanduku tulilinunua Kadutu siku ile ile, kazi ya kijana nisiyemjua. Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa hazijakaza. Nilizikaza mimi.