Fataki za Magic Kingdom kwa mtoto anayeogopa mshindo

Katika Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, kosa la kwanza ni kusimama mbele ya kasri la Cinderella. Pale spika, umati na mishindo humwangukia mtoto kwa pamoja, na akianza kulia hakuna pa kupenyea. Nendeni ng'ambo ya Seven Seas Lagoon, ziwa lililo mbele ya bustani hiyo, ufukweni mwa hoteli ya Polynesian. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Tena kwa kila kilomita mshindo huchelewa sekunde 3 nyuma ya mwanga. Mfundishe kuhesabu: fataki ikichanua, "moja, mbili, tatu...", mpaka pu! Kinachowatisha watoto wengi ni kule kushtukizwa, kuliko ukubwa wa sauti yenyewe.

Vifuniko vya masikio viwe vile vya kikombe, vya kupunguza desibeli 20 au zaidi; pamba ni kujidanganya. Avizoee nyumbani akitazama katuni, maana vinabana, na asiyevizoea huving'oa katikati ya onyesho. Mvalishe dakika 10 kabla. Mwishoni fataki hufululiza na kuhesabu hakufui dafu: mpakate, mgongo wake ukiegemea kifua chako.